Mvua ya Kadutu inaishia wapi, na tuanzie wapi kulinda maji yetu?

Mkaaji wa Kadutu:
Ndugu zangu wa Bukavu, kila salongo, yaani siku ya kazi ya pamoja ya usafi, tunazibua mtaro wa avenyu yetu, na mvua moja tu inatosha kuujaza tena udongo mwekundu na chupa za plastiki zinazotoka juu. Wengine wanapendekeza twende kusafisha ufukwe wa ziwa, kwa kuwa ndiko uchafu unakoonekana. Naomba mwenye ujuzi atueleze maji haya yanapita wapi, na sisi wa avenyu moja tufanye nini cha kudumu.

Mwalimu wa jiografia, Ibanda:
Ndugu, bonde la mto ni ardhi yote ambayo mvua yake inateremkia mto huo, kuanzia mgongoni mwa kilima. Sehemu kubwa ya maji yenu inaingia mto Kahuwa, kisha ziwa Kivu. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini kwenye kimo cha mita 1,460 hivi na kushuka hadi ziwa Tanganyika, ambalo liko karibu mita 770. Kutoka huko, mto Lukuga unayapokea maji penye Kalemie na kuyafikisha Lualaba, yaani mto Kongo. Lakini chupa nyingi hazifiki mbali hivyo. Zinarundikana kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, na mitambo ikisimamishwa ili isafishwe, sisi wenyewe tunalala gizani. Ufukwe usafishwe, ndiyo, ila kinachookotwa pale kimekwisha kutuponyoka huku juu.

Agronomu, Kabare:
Naunga mkono maneno ya mwalimu. Huku mashambani tunafunga miti mitatu kwa umbo la herufi A na kuning'iniza jiwe kwa kamba. Kamba ikitulia katikati ya mti wa kulala, miguu miwili iko kwenye usawa mmoja. Tunachimba mtaro kwa kufuata usawa huo, tukivuka kilima badala ya kukiteremka, na tunapanda matete kwenye ukingo wake. Maji yanasimama, yanazama taratibu, na udongo unabaki shambani, nayo matete yanalisha mbuzi.

Mama wa Funu:
Kaka agronomu, hilo linafaa Kabare, lakini tafadhali lisiletwe Funu jinsi lilivyo. Mlima wetu unateleza polepole. Kuta zinapasuka na milango inakataa kufungika, na maji yanayozama ndani ya udongo yanazidisha mwendo huo. Hapa maji yanatakiwa kutolewa haraka, ndani ya mfereji uliojengwa kwa mawe na saruji, na kila bati liwe na mfereji wake na pipa la kukinga mvua. Avenyu ya juu na ya chini zipatane kwanza, kwa sababu maji hayafuati mipaka ya avenyu, na mfereji unaoishia mlangoni kwa jirani ni kumhamishia balaa.

Mkaaji wa Kadutu:
Asante, mwalimu, asante, kaka, na asante sana, mama. Nitamwomba shefu wa avenyu yetu azungumze na mwenzake wa juu, ili salongo ijayo tuanzie kwao tukishuka pamoja. Limebaki jambo moja: udongo tunaoutoa tunauacha kando ya mtaro, na mvua inaurudisha ndani. Je, kuna avenyu iliyopata mahali pa kuupeleka?