Mrejesho: yule mpelelezi wa barakoa na sanamu iliyoibwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu komiki ya marehemu babu isiyo na jalada: mpelelezi mwenye barakoa ya gesi anasaka sanamu iliyoibwa. Aliyesema nitazame bastola yake alipatia. Inatoa moshi, majambazi wanalala fofofo. Ni Sandman (jina lake halisi Wesley Dodds), shujaa wa jarida la komiki la Marekani, Adventure Comics.

Ushauri wa kukagua mavazi nao ulisaidia: suti na kofia ni za kabla ya toleo la 69, Desemba 1941, alipovikwa nguo za kubana za njano na zambarau. Bora wangemwacha!

Namba ya toleo sijaipata. Ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa. Selotepu iliyobandikwa kwenye kurasa niliibandua kwa pupa, kona ikachanika. Asanteni sana, hasa uliyenikataza kuzinyoosha kurasa kwa pasi.