Mjadala: Narsinh Mehta alikuwa mtetezi wa waliotengwa, au tunamvika kilemba cha ukoka?

Mtoa mada

Wakuu habari zenu. Hii mada naileta hapa kwa sababu juzi imevuruga grupu letu la wasapu la watu tuliosoma pamoja, mpaka mmoja katoka kwenye grupu usiku wa manane. Ilianza na klipu tu. Mwenzetu alirusha ile bhajan (wimbo wa ibada ya Kihindu) ya Kigujarati inayoitwa Vaishnav Jan To, ile aliyoipenda sana Gandhi, ambayo mwaka 2018 waimbaji wa nchi zaidi ya 120 waliiimba kila mtu kwao India ilipoanza kuadhimisha miaka 150 ya kuzaliwa kwake. Jamaa mmoja akajibu kwamba wimbo mtamu ila aliyeutunga, Narsinh Mehta, ndo chanzo cha neno "Harijan" ambalo watu wa matabaka ya chini kule India wanalikataa kama tusi, kwa hiyo asisifiwe. Mwingine akamrukia kwamba huyo Narsinh ndo aliwakomboa hao watu karne nyingi kabla ya Gandhi. Basi moto ukawaka.

Mi naona wote wawili wamekosea, na naomba mnivumilie nieleze maana hili jambo limenikaa rohoni kwa sababu nitakayoisema mbele.

Kwanza mtu mwenyewe. Narsinh Mehta ni wa karne ya 15, huko Saurashtra upande wa magharibi wa Gujarat, inasemekana kazaliwa Talaja na maisha yake kayaishi Junagadh chini ya mlima Girnar. Alikuwa Brahmin, yaani tabaka la juu kabisa la Wahindu, wa ukoo wa Nagar, watu wa kalamu na makaratasi, makarani na washauri wa watawala. Yeye kazi ya kalamu hakuiweza, alikuwa anaimba tu. Yatima, kalelewa kwa kaka yake, na masimango ya shemeji ndo yaliyomtoa nyumbani akaenda kukaa siku 7 kwenye hekalu la mungu Shiva huko Gopnath. Simulizi zinasema Shiva akampeleka kumwona mungu Krishna akicheza usiku wa mbalamwezi, Narsinh akapewa kazi ya kushika mwenge, akazama kutazama ile ngoma mpaka moto ukafika mkononi ukawa unamuunguza na yeye hasikii. Kila nikiisoma hiyo sehemu ya mkono nasimama kwanza.

Wagujarati wanamwita Adi Kavi, yaani mshairi wa mwanzo wa lugha yao. Nyimbo zake za alfajiri, wanaziita prabhatiya, ziliimbwa majumbani watu wakiamka kabla jua halijatoka, na mara nyingi waimbaji ni akina bibi.

Sasa tuje kwenye usiku unaofanya wengine wamwite mkombozi. Kuna wimbo wake unaosimulia kwamba alikuwa anakwenda kuoga Damodar Kund, lile bwawa takatifu chini ya Girnar, na huko watu wa tabaka la Dhed (neno hilo leo ni tusi, nalitumia hapa kwa sababu ndilo lililomo kwenye simulizi) wakamwomba aje mtaani kwao awaimbie. Hao ni watu ambao Brahmin akiguswa na kivuli chao anarudi kuoga. Narsinh akakubali. Wenyewe wakafagia, wakasiriba uwanja kwa kinyesi cha ng'ombe kama inavyofanywa pa ibada, wakapanda mche wa tulsi, mmea wao mtakatifu, na yeye akaja akaimba mpaka kunakucha. Humo humo kwenye wimbo anasema palipo na upendeleo Mungu hayupo, kwa mwenye jicho la usawa wote ni sawa.

Asubuhi anarudi, wenzake wa Nagar wanampigia makofi ya dhihaka njiani: we Brahmin gani huna tabaka huna akili? Wakamtenga. Na kutengwa na ukoo wakati ule siyo kublokiwa kama sasa, ni kwamba hualikwi, hulishwi, msiba wako unazika mwenyewe, mwanao hapati mchumba. Yeye akajibu kwa wimbo mwingine: ndiyo, sisi tuko hivyo hivyo mnavyotusema. Na ndani yake kuna mstari unaosema atakayejiona yuko mbali na Harijan, kuzaliwa kwake kumepotea bure.

Hapo ndo kiini cha hoja yangu. Hari ni jina la Mungu, jan ni watu. Kwenye mdomo wa Narsinh Harijan ni mtu yeyote wa Mungu, yule aliyefagia uwanja na yeye aliyekuja kuimba, wote pamoja. Jina lilikuwa la kuwaweka kwenye mkeka mmoja. Miaka ya 1930 Gandhi akalichukua akalibandika kwa watu wasioguswa peke yao, na 1933 akaanzisha gazeti kwa jina hilo. Nia yake sina shaka nayo. Lakini jina la kukusanya watu likageuka jina la kutambulisha nani ni nani, na ukishakuwa na jina maalumu la watu fulani umeshachora mstari upya. Kosa hilo siyo la Narsinh. Ila pia tusiseme aliwakomboa, maana asubuhi ile yeye alirudi kwake na wao walibaki mtaani kwao.

Kwa nini naumia na hili: mama yangu alifanya kazi za ndani Tanga kwa familia moja ya Kihindi, jina sitalitaja. Bibi wa nyumba ile, waliyemwita Ba, alikuwa anaimba kila alfajiri, na mama akifika saa kumi na moja na nusu anaukuta wimbo unaendelea. Niliposikia ile klipu nilimpigia nikamchezea, akasema ndo huo huo. Na mama alikuwa na kikombe chake cha bati kinachokaa dirishani nje ya jiko, hakiingii kabatini na vya wenyewe, chai anamiminiwa kutoka juu ili birika lisiguse kikombe. Miaka yote ile. Na ule wimbo unaanza kwa kusema mtu wa Vishnu, yaani mtu wa Mungu, ni yule anayejua maumivu ya mwenzake. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu heshima yako, ila umemhurumia sana huyo mzee. Mimi nilisoma Pune kule India miaka minne, rumeti wangu alikuwa Dalit, jina wanalojiita wenyewe hao walioitwa wasioguswa, na picha ya Ambedkar, kiongozi wao mkubwa, ilikuwa ukutani juu ya kitanda chake. Siku moja nikasema "Harijan" kwa nia njema kabisa, nilikuwa nimeisoma kwenye kitabu cha shule. Hakunigombeza, alinyamaza tu, halafu baada ya chakula akaniambia kaka, hilo jina tulipewa na watu ambao hawakutuuliza.

Ambedkar alishalimaliza hili mwaka 1937 akimjibu Gandhi. Alisema hao watakatifu waimbaji hawakupigana na mfumo wa matabaka, walifundisha kwamba watu wako sawa mbele za Mungu, hawakufundisha kwamba mtu na mtu wako sawa, na haya ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza halimnyimi usingizi mwenye nguvu hata mmoja. Na 1938 kwenye baraza la kutunga sheria la Bombay, serikali ilipong'ang'ania neno Harijan kwenye muswada, yeye na wenzake walitoka nje. Mwaka 1982 serikali kuu ikaelekeza lisitumike kwenye vyeti vya tabaka, na 2017 Mahakama ya Juu ikasema siku hizi watu wanalitumia kama tusi. Kwa hiyo maana yake kwenye karne ya 15 ilikuwa nini, kwa mtu anayeitwa hivyo leo haimsaidii kitu. Sisi wenyewe hapa Tanzania tulikuwa tunasema zeruzeru bila kuona shida, mpaka wenyewe waliposema jamani sisi ni watu wenye ualbino. Hukuanza kuwaletea historia ya neno. Uliacha.

Mchangiaji wa pili

Asalaam na namaste kwa wote. Mimi ni Mgujarati wa Mombasa, kizazi cha nne, na nyanya yangu pia alikuwa anaimba prabhatiya kila alfajiri. Kwanza ndugu mtoa mada, pole kwa mama. Hicho kikombe nakijua. Kwetu pia kilikuwako, na sitakuja hapa kusema ilikuwa mambo ya usafi kama tulivyoambiwa tukiwa watoto.

Lakini nataka mjue huyu mtu kwetu ni nani. Mfano hii hadithi ya hundi. Watani wake waliwapeleka mahujaji nyumbani kwake kwa mzaha, wakawaambia huyu ni tajiri, mpeni pesa awaandikie hundi mkalipwe Dwarka, mji mtakatifu wa Krishna mnakokwenda, maana njiani kuna wezi. Yeye hana hata senti. Akapokea rupia 700, akawalisha masikini na watu wa dini, akaandika hundi kwa jina la Shamalsha, ambalo ni jina la Krishna mwenyewe. Mahujaji wanafika Dwarka wanatafuta mfanyabiashara wa jina hilo hayupo, mpaka Krishna akatokea kwa kilemba na daftari kama tajiri wa dukani akawalipa. Neno hundi mnaloandika benki ndilo hilo hilo, lilikuja na majahazi ya babu zetu kutoka Kutch na Kathiawar huko Gujarat. Na hadithi nyingine inasema alishawahi kuweka rehani raga (mahadhi) yake ya Kedaro, yaani alikopa akaahidi hataiimba mpaka alipe. Mtu hana kitu cha kuweka dhamana ila sauti yake.

Pia tuseme ukweli mwingine, nyimbo hizi zilipita mdomo kwa mdomo muda mrefu kabla ya kuandikwa, na hadithi za maisha yake nyingi tumezijua kupitia watunzi wa baadaye kama Premanand wa karne ya 17. Kwa hiyo kuna mikono mingi humo. Ila ona, kizazi baada ya kizazi, hakuna aliyeuondoa ule usiku wa Damodar Kund. Hata Wanagar wenyewe waliomfukuza, leo wanajivunia kuwa ni wao. Wangeweza kuufuta. Sasa kama ni mtu wa kuimba tu, kwa nini walimtenga? Mtu hatengwi kwa kuimba.

Mchangiaji wa tatu

Sasa haya ya Wahindi yanatuhusu nini sisi, tuna mambo mangapi ya kwetu hayajaisha?

Mtoa mada

Ndugu wa tatu, kikombe kilikuwa Tanga na anayekunywea ni mama yangu, kwa hiyo yananihusu.

Kaka wa Pune nimekusoma mara mbili. Kwenye neno umenishinda, sina cha kuongeza, mwenye jina akisema silitaki basi, na mfano wa ualbino umenikaa. Silitumii tena nje ya mjadala kama huu. Ila kwenye Narsinh sikubaliani na wewe mpaka mwisho. Ambedkar yuko sahihi kwamba usawa wa mbele za Mungu haumsumbui mwenye nguvu, tatizo ni kwamba huyu hakuishia kusema. Alikwenda kwa miguu yake, akakaa uwanjani kwao usiku kucha, na gharama akailipa mwenyewe. Hakubomoa ukuta, sawa, lakini aliuruka waziwazi watu wakijua, na ule wimbo umewaacha wote waliokuja baada yake bila kisingizio. Mtu anayeuimba alfajiri halafu anamimina chai kutoka juu hawezi kusema hakuambiwa. Mimi namlaumu huyo, simlaumu mtunzi.

Dada wa Mombasa asante kwa kusema kikombe kilikuwako. Hujui umenifanyia nini. Nilimsomea mama komenti yako kwa simu, akauliza huyo dada ni wa nyumba ipi, nikamwambia ni mwingine kabisa, wa Mombasa. Akasema mwambie nimeshukuru.

Halafu akaniomba nimtafsirie ule wimbo maana miaka yote ameubeba sauti tu bila maneno, anajua hata pale bibi alipokuwa anavuta pumzi. Nikamtafsiria nilivyoweza: anayejua maumivu ya mwenzake, anayesaidia bila kujivuna, asiyemsema mtu vibaya, asiyegusa mali ya mtu, mwenye jicho la usawa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na Ba alikuwa anaelewa haya maneno, au na yeye alikuwa anaimba tu kama mimi?"

Nikamwambia mama, ile ni lugha yake ya nyumbani.

Akakaa kimya kidogo, nasikia mchele unapepetwa. Akasema, "Siku moja nilipokuwa naumwa aliniletea chai mwenyewe kule uani. Kwenye kikombe kile kile lakini."