Naombeni ushauri: wapi nitajifunza programu na usalama wa mifumo bila kulipia?

Kijana wa Tabora:
Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa. Nimemaliza form siksi nipo home nasubiri chuo, nina laptopu ya mtumba RAM GB 4 na simu ya Android, bando la kuungaunga. Nataka kujifunza kuandika programu ila moyo wangu hasa uko kwenye usalama, yaani mtu anaingiaje kwenye mfumo na unamzuiaje. Kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anauza kozi ya udukuzi laki moja na nusu, anasema ananipa na Kali Linux (mfumo wa kompyuta wenye zana za kupima usalama) humohumo. Nilipe au kuna sehemu za bure?

Mzee wa Terminali:
Dogo hiyo hela kaa nayo. Kali ni ya bure, yeyote anaipakua, na kwa sasa wala huihitaji. Ingia CS50, kozi ya mtandaoni ya Chuo cha Harvard, ile ya Profesa David Malan, unaonja Scratch kidogo, unaingia lugha ya C, unakuja Python, SQL (lugha ya kuongea na hifadhidata) mpaka kutengeneza saiti, na mazoezi unafanyia ndani ya brauza kwahiyo RAM 4 sio kesi. Ukimaliza kazi zote kuna cheti chao cha bure, cha kulipia ni kile cha edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Wiki za C zinauma ila usiziruke, pale ndo utaielewa memori, maana mashimo mengi hatari yanatokea pale programu inapoandika data nyingi kuliko nafasi iliyotengwa.

Dada wa Seva:
Kwa mwenye shida ya bando mimi nasema Bandit ya OverTheWire. Ni mchezo, unaingia kwenye seva yao kwa SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa kuandika amri), kila levo unatafuta paswedi ya levo inayofuata, na kwa kuwa kinachopita ni maandishi tu MB zinaliwa kidogo mno ukilinganisha na video. Hata simu inatosha, weka Termux, app ya kuandikia amri (ichukue F-Droid, duka la app za bure), andika pkg install openssh kisha

ssh bandit0@bandit.labs.overthewire.org -p 2220

paswedi ya kuanzia ni bandit0. Ukikwama soma man (mwongozo, unaandika man na jina la amri) ya hiyo amri kwanza, usikimbilie majibu ya YouTube, utafika levo za juu mikono mitupu.

Mla Bando:
Mzee hapo kwenye C sikubaliani na wewe, kama dogo analenga usalama wa saiti, aanze saiti ya freeCodeCamp ajue HTML na JavaScript, lugha za kutengenezea saiti, halafu aende Web Security Academy ya PortSwigger. Ile ni bure yote, wanakueleza tatizo kwa maandishi, mfano fomu ya kuloginia inayomeza amri za SQL, halafu wanakupa labu (saiti ya mazoezi) uivunje mwenyewe.

Mzee wa Terminali:
PortSwigger nakuunga mkono mia kwa mia. C aisome tu, siku akitaka pwn.college, mazoezi ya udukuzi ya Chuo cha Arizona State, atanishukuru.

Kijana wa Tabora:
Asanteni sana wakuu, laki na nusu siitoi tena. Sasa nikishajua hizo mbinu za SQL naweza kujaribu kwenye saiti ya shule niliyosoma? Siharibu kitu, naangalia tu kama iko wazi.

Dada wa Seva:
Hapana mdogo wangu, usiguse kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakubana kwa kuingia tu bila ruhusa, hata kama hujachukua kitu. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua, akikubali kwa maandishi sawa. Kabla ya hapo weka OWASP Juice Shop kwenye laptopu yako, ni duka la juisi la mtandaoni lililotengenezwa makusudi likiwa na matundu.

Kijana wa Tabora:
RAM 4 itaiweza dada?

Dada wa Seva:
Itaiweza. Weka Node.js (programu ya kuendesha JavaScript nje ya brauza), pakua Juice Shop iliyokwishafungashwa kwenye ukurasa wao wa GitHub, ifungue, ndani ya folda lake kwenye terminali andika npm start, halafu kwenye brauza nenda localhost:3000. Usiiendeshe ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), hapo ndo laptopu itaganda.