Mbegu za mgunga hazioti: maji moto yatumikeje?

Swali: Mbegu za mgunga (Vachellia tortilis) zina wiki 3 kwenye viriba, bado ngumu kama kokoto. Nitumieje maji moto bila kuziua?

Jibu 1: Ganda halipitishi maji, ndani kiinitete (mche mchanga ulio ndani ya mbegu) ni kizima, kina kiu tu. Porini, joto la jua, moto wa nyika na matumbo ya mbuzi na swala husaidia kulilegeza. Chemsha maji mara 5 hadi 10 ya ujazo wa mbegu, ipua sufuria, ndipo umimine mbegu. Ziache zipoe humo humo kwa saa 24. Usizichemshe motoni, kiinitete kitaiva! Iliyofyonza maji huvimba waziwazi na ganda lake hubonyea ukiliminya. Panda siku hiyohiyo, kina cha sentimita 1.

Jibu 2: Zilizobaki ngumu usizitupe. Kata ganda kidogo kwa kikata kucha, upande ulio mbali na kitovu cha mbegu (kovu dogo pale mbegu iliposhikana na tunda), maana mzizi huchomozea karibu na kitovu. Kisha loweka usiku mmoja kwa maji ya kawaida. Zenye tundu la mviringo zimeliwa na wadudu, zitenge kabla ya yote.

Jibu 3: Angalia na joto la kitalu: nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi zinafaa. Kwenye baridi, mbegu iliyokwisha kunywa maji huchelewa kuchipua na huoza. Halafu msipeleke njia hii kwa mwarobaini, tafadhali. Mbegu yake haina ganda gumu la kulegeza. Maji moto yataiua, na hupoteza uhai baada ya wiki chache. Ipande ikiwa mbichi.