Mtu mzima kumenya chungwa la sadaka mbele ya bibi wa watu, tena ndani ya hoteli yao! Nimeshindwa kunyamaza

Shangazi wa Bellaire:

Wakuu, sijaja kusalimiana leo.

Chungwa. Mtu mzima, ndevu zina mvi, ana wajukuu Dodoma, ameinama kwenye madhabahu ya watu akachukua chungwa la sadaka, akalimenya, akalila. Mchana kweupe. Mbele ya bibi mwenye hoteli.

Jina simtaji na wala hamlihitaji. Wote wa Houston mnamjua. Yule bwana wa miwani ya jua hata saa nne usiku, anayeomba maikrofoni kwenye kila msiba "dakika mbili tu" na marehemu anafikisha arobaini yeye bado anaongea. Huyo huyo. Msijifanye hamumjui, mmeshamkopesha.

Jumapili tulikuwa pale Bellaire Boulevard, kwenye kile kihoteli cha Wavietnam-Wachina kilichobanwa kati ya duka la kucha na daktari wa meno. Wanaokwenda wanakijua. Chai ya bure inafika hujakaa vizuri. Bakuli la pho, ile supu yao ya tambi za mchele, dola 11, na mchuzi wake mifupa imechemka usiku kucha. Bibi yuko kaunta anachambua mrihani, mwanawe yuko jikoni, mjukuu wa sekondari anachukua oda huku daftari lake la hesabu liko wazi meza ya nyuma. Familia nzima inaishi humo toka asubuhi hadi kufunga. Mwisho wa mwezi hela ikikata, pale ndipo mahali pekee ninapoingia na watoto wangu wote tukatoka tumeshiba bila mimi kufanya hesabu za kuaibisha chini ya meza. Nilipougua mafua yule bibi alinifungia supu akakataa hela, akanisukuma mlangoni kwa mkono, nenda, nenda ukalale.

Hapo ndipo mahali alipoingia huyu mtu.

Kaja kachelewa, tumeshaagiza. Kamwita mtoto wa watu kwa kupiga vidole. Kauliza kama kuna ugali. UGALI! Kaletewa pho, hajakamua ndimu, hajatia jani wala choroko zilizochipua, kasema haina ladha, rudisha. Ikarudi. Akaminya chupa ya pilipili mpaka bakuli likawa jekundu lote, machozi yakamtoka, akasema wamemtilia sumu, rudisha. Mchuzi una tangawizi ya kuchoma, vitunguu vya kuchoma, karafuu, mdalasini, vitu vile vile alivyokulia kwenye pilau la mama yake, halafu hauna ladha!

Hayo yote nimesamehe. Chungwa sisamehi.

Kwa asiyejua: karibu na mlango, chini kabisa sakafuni, kuna kijikabati chekundu chenye taa. Ndani wamekaa wazee wawili wa udongo, mmoja wa kitambi anacheka, mwingine wa ndevu nyeupe kashika dhahabu. Yule wa kitambi ndiye mwenye ardhi, mwenzake ndiye wa riziki. Asubuhi, kabla ya kufungua, bibi anawawekea vikombe vya maji, maua, ubani na matunda. Nenda hoteli au duka lolote la Wavietnam pale Bellaire utakikuta. Mwanangu wa chekechea anajua kwamba pale hapaguswi.

Huyu bwana alikuwa amesimama mlangoni anasubiri SISI tulipe. Machungwa yamepangwa, moja juu ya mengine. Akachukua la juu. Lina jivu la ubani, akalifuta kwenye suruali. Akalitoboa kwa ukucha wa dole gumba, nikasikia ganda linavyochanika, harufu yake ikanifikia mezani. Akala pande moja baada ya jingine, hana haraka. Na maganda, jamani, MAGANDA AKAYARUDISHA SAHANINI. Sahani ile ile ya sadaka! Mbele ya yule mzee wa kitambi!

Bibi akaacha kuchambua majani. Hakupiga kelele. Akaja, akapiga magoti, na magoti yenyewe mabovu, akaokota maganda moja moja akayatia kwenye aproni, akawasha ubani mpya. Mjukuu wake hakumwangalia yule bwana. Alituangalia sisi, meza nzima.

Na lile jitu, bado linatafuna, likasema: "Chachu."

Chachu!!! Kala sadaka ya watu na bado anaitoa kasoro!

Nilipomwambia, "Mzee wangu, hicho ni kitu cha ibada," akanijibu, "Umekuwa msemaji wa Wachina?" Leo asubuhi kaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba hoteli ile ni mbovu, tusiende, na mimi kaniita "mlinzi wa machungwa". Watu wakaweka vikaragosi vya kucheka. Watu wazima! Waliokuwepo mezani!

Yule bibi amezaliwa Cholon, mtaa wa Wachina kule Saigon. Wazee wake walitoka Chaozhou, Uchina, ndiyo maana menyu ina pho, ina bata wa kuchoma na tambi za kukaanga za Kichina, vyote jiko moja. 1979 walipanda mashua wakatupwa kambini Pulau Bidong, Malaysia, ndipo wakaletwa Texas. Humu kuna ndugu zetu waliopita Nyarugusu, wanajua kambi ni nini. Mama wa watu kavuka bahari ile, kafungua kihoteli, kila asubuhi anaweka machungwa yake mlangoni, halafu mtu wa kwetu, anayeongea Kiswahili chetu, anakuja kuyamenya na kumrudishia maganda.

Kwetu Pwani akikuta mbuyu umefungwa kitambaa chekundu, chini kuna marashi na sarafu, ataokota? Atakimbia mpaka Chalinze hajageuka nyuma!

Na mezani aliacha nini? Robo dola tatu. Kwa meza ya watu tuliochafua mpaka ukuta.

Aitwe kikao. Aende akamwombe radhi bibi, na kapu la machungwa, na avue ile miwani.

Kitumbua Moto:

Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. "Chachu" 😂😂😂 Huyo namjua mimi! Kwenye harusi ya watu alifungasha pilau kabla bwana harusi hajaingia ukumbini.

Mzee wa Fitna:

Dada yangu, chungwa moja, maneno elfu. Mnunulie bibi mfuko mzima tulale.

Shangazi wa Bellaire:

Mzee wa Fitna, si bei! Mimi nimesema bei? Kayarudisha maganda SAHANINI. Soma tena.

Mzee wa Fitna:

Nimesoma. Hata angeyatupa chini ungelalamika kachafua hoteli.

Karani Mstaafu:

Swali moja tu, bibie. Chungwa lina mapande kumi hivi. Kala pande kwa pande, hana haraka, harufu imekufikia. Muda wote huo meza nzima mlikuwa mnafanya nini? Mnasubiri awagawie?

Kitumbua Moto:

😂😂😂 Karani kaua

Shangazi wa Bellaire:

Nilikuwa kaunta nalipa, tena nalipa na chake! Nilipogeuka ameshamega la mwisho.

Karani Mstaafu:

Ila harufu ilikufikia mezani. Si umeandika mwenyewe? Sasa ulikuwa kaunta au mezani?

Binti Tanga:

Mnamwandama bure dada wa watu. Meza ya karibu na kaunta ni meza ya kaunta, kale kahoteli mnakajua kalivyo kadogo. Mimi nimekwama kwenye mbuyu. Huyo wa Dodoma mbuyu kwake ni ubuyu tu, atakula na kitambaa. Sadaka haichezewi. Nyumbani sinia la mzimuni hata kuku wanalizunguka.

Ustadhi Kijana:

Mimi nasikitika kwamba watu wanajadili chungwa hawajadili waliyoyala. Wanaokwenda hoteli hizo waulize kwanza. Ile supu ya Hue ina nguruwe na vipande vya damu iliyoganda. Pho ya ng'ombe nayo, nyama imechinjwa na nani?

Dereva wa Lori:

Ustadhi, walisema wamekula pho. Hakuna aliyetaja Hue.

Ustadhi Kijana:

Nimetahadharisha tu. Mwenye masikio.

Mkenya wa Katy:

Wacha niseme ukweli. Kwangu hapo kubwa ni hizo senti 75. Nimehudumu mezani hapa Texas nikiwa chuo. Mwajiri anaruhusiwa kulipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, na hicho kiwango hakijasonga tangu 1991. Kinachofanya ulipe kodi ya nyumba ni tipu. Watu wetu wanakuja kumi, wanaimba hepi bathidei, wanaomba maji ya moto na limau mara kumi na tano, kisha wanakuachia sarafu na "Mungu akubariki". Nilibarikiwa hadi nikashindwa kulipa rent.

Mzee wa Fitna:

Yule mhudumu ni mjukuu wa mwenye hoteli. Atoe tipu kwa mrithi?

Mkenya wa Katy:

Mrithi wa nini, boss? Wa masufuria? Mtoto anafanya homework kwenye meza ya wateja.

Dereva wa Lori:

Mnaongelea tipu, mimi niongelee "tugawane sawa". Tulikwenda wanaume sita. Mimi nikaagiza wali wa chenga na kipande cha nguruwe, dola 12. Mwenzetu mmoja, naye hatajwi, akaagiza kamba-mti wa siagi na kitunguu saumu ratili tatu, kaa mzima, na kahawa ya barafu ya maziwa ya kopo mara mbili. Bili ikaja, akanawa mikono, akasema: "Wakuu, tusihesabiane, sisi ni ndugu, tugawane sawa." Nikalipa dola 41. Kwa wali wa chenga! Mpaka leo nikimwona kanisani napanga kiti cha nyuma yake nimtazame kisogo.

Kitumbua Moto:

Dereva fungua uzi wako, huu umenigusa kuliko chungwa.

Binti Tanga:

Hao wa tugawane sawa ndio hao hao wa michango. Unachangia send-off, unachangia harusi, unachangia kipaimara, kadi inakuja imeandikwa "single". Mwaka mzima nimelisha kamati, mimi mwenyewe sijala hata sambusa.

Karani Mstaafu:

Suala la michango litafutiwe uzi wake. Mimi ni mjumbe wa kamati tatu na ninyi ndio hamlipi ahadi.

Binti Tanga:

Karani, ahadi yangu nililipa kwa simu na risiti ninayo. Usinichokoze hadharani.

Shangazi wa Bellaire:

Jamani. Jamani! Tunaongelea bibi wa watu aliyepiga magoti kuokota maganda. Kikao kinaitwa au hakiitwi?

Mzee wa Fitna:

Kikao kiitwe wapi? Hotelini kwa bibi? Aje tena ale na ndizi?

Shangazi wa Bellaire:

Ndizi hagusi. Nitakaa mimi mwenyewe pale mlangoni.

Mzee wa Fitna:

Mlinzi wa machungwa kaongezewa na ndizi 😂

Mama Esperance:

Bandugu, jioni njema. Mimi niko mugeni hapa Houston, nilipita Nyarugusu miaka mingi, ile ya kambi imenigusa roho sana. Yule mama anahitaji heshima. Lakini naomba kuuliza, ni fasi gani banauzisha sombe, majani ya muhogo? Nimetafuta mpaka nimechoka.

Mkenya wa Katy:

Karibu sana mama. Sombe jaribu duka za Waafrika, ya kusagwa na kugandishwa. Kwa Waasia hapo Bellaire utapata mboga zingine.

Dereva wa Lori:

Matembele! Supamaketi za Wavietnam wanauza matembele mabichi, mafungu makubwa. Mimi nilikaa Texas muda mrefu nakula spinachi ya pakiti, kumbe matembele yapo dakika ishirini.

Binti Tanga:

Na mlenda upo. Na mchicha ule mwekundu. Chukua asubuhi, jioni yanakuwa yamenyauka.

Ustadhi Kijana:

Na samaki je?

Dereva wa Lori:

Sato wazima wanaogelea kwenye tangi, Ustadhi. Unanyooshea kidole, wanamvua mbele yako.

Mama Esperance:

Aksanti sana bandugu! Na huyo samaki banauzisha kwa ratili ao kwa mumoja?

Dereva wa Lori:

Ratili. Waambie wakuparie magamba na kumtoa matumbo, hawatozi. Ila kichwa waambie waache, wakiona hujasema chochote wanakikata wanatupa.