Waliojenga mashine kali ya gemu: prosesa ulichaguaje, na ulijutia wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Kila anayeuliza prosesa ya gemu anajibiwa "chukua yenye kori nyingi," yaani vitengo vingi vya kufanya kazi ndani yake. Mimi nilitii. Nianze na kisa changu, nanyi mlete vyenu.

Mwaka 2023 nilimwagiza shemeji yangu aliyekuwa Dubai aniletee Ryzen 9 7950X3D ya AMD. Kori 16! Kijiweni nilitamba wiki nzima. Kumbe prosesa ile ni nyumba ya vyumba viwili: kori 8 zina kache kubwa, 8 nyingine hazina. Gemu linataka kukaa chumba chenye kache, na Windows hulipeleka huko kwa msaada wa Xbox Game Bar. Mimi Game Bar nilishaifuta zamani, naiona takataka tu. Basi gemu linakwamakwama, na jamaa yangu mwenye 7800X3D ya kori 8 anateleza. Yake ilitoka kwa dola 449, yangu 699. Miezi miwili nalaumu grafiksi kadi.

Bwana Kebo: Pole mkuu. Irudishe Game Bar, sasisha na dereva za chipseti, itakaa sawa.

Mgeni wa Pugu: Samahani wakuu, kache ndiyo nini? Mimi najua ile ya kufuta kwenye simu.

Bwana Kebo: Hiyo ni nyingine. Hii ni kumbukumbu iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Mwangalie mama ntilie: nyanya zikiwa mezani, anainua mkono tu. Zikiwa sokoni, mpaka atume mtoto, na mtoto akikutana na wenzake njiani ndiyo basi tena. RAM ndiyo soko. Ryzen ya kawaida ya kori 8 ina kache ya MB 32, hizi za X3D zenye kori 8 zina MB 96. Ndiyo maana gemu kama Microsoft Flight Simulator linazipenda sana.

Dada wa Mombasa: Mie kisa changu chanichekesha hadi leo. Nilikuwa na Ryzen 5 5600X, nikahamia 7800X3D. Madabodi mpya, RAM mpya za DDR5, maana za zamani haziingii. Nikawasha gemu kwenye skrini yangu ya 4K: namba zilezile! Grafiksi kadi ilikuwa ishafika asilimia 99 tangu zamani, prosesa yangojea tu. Mume wangu akauliza pesa zimekwenda wapi. Nikashusha picha hadi 1080p nikamwonyesha FPS (picha kwa sekunde) zinavyoruka. Akasema, "Haya, lakini hatuchezi hivyo."

Basi kabla hujatoa pesa, shusha rezolusheni uone. FPS zikipanda sana, kinachokubana ni grafiksi kadi. Zikikaa palepale, hapo ndipo uongee habari ya prosesa.

Mzee wa AM4: Dada umeua. Mimi sijahama. Madabodi ya B450 niliyonunua 2019, nikasasisha BIOS (programu ya madabodi yenyewe), nikaweka 5800X3D. RAM zilezile za DDR4. Ila nilikaribia kulia siku ya kubadilisha: nimevuta feni, prosesa ya zamani ikang'oka nayo, imegandia kwenye pesti ya kupitisha joto. Kwenye AM4, soketi ya Ryzen za zamani, pini ziko kwenye prosesa, kwa hiyo zikapinda. Nilizinyoosha usiku kucha kwa wembe. Mkitaka kung'oa, chezeni gemu kama dakika kumi pesti ilainike, zimeni, kisha zungusheni feni taratibu kushoto na kulia kabla ya kuvuta.

Mhariri Usiku: Mbona Intel wametengwa? Mimi mchana nahariri video, usiku ndiyo gemu. i9-14900K ina kori 24, 8 kubwa na 16 ndogo, na kwenye kazi yangu zote zinachapa. Sikatai, inaruhusiwa kula hadi wati 253, na chumba changu cha Sinza wakati huo ni tanuri. Wa gemu pekee hana haja nayo. Na anayenunua mtumba kizazi cha 13 au 14 asasishe BIOS kwanza. Mwaka 2024 Intel walikiri tatizo la volteji kwenye hizo, wakatoa marekebisho na kuongeza dhamana miaka miwili. Yangu haijanisumbua.

Kijana wa Arusha: Wakuu, wati zimenikumbusha. 7800X3D yangu inagonga nyuzi 89 nikicheza dakika tano tu, na Arusha hakuna joto hilo. Fundi anasema ndivyo zilivyo.

Bwana Kebo: 89 ndiyo kikomo chake, ikifika hapo inajipunguza kasi. Kwenye gemu haitakiwi kuishi hapo. Feni gani?

Kijana wa Arusha: Kubwa, ya minara miwili.

Mzee wa AM4: Chini ya hiyo feni, pale inapogusa prosesa, huwa kuna karatasi ya plastiki. Ilitolewa?

Kijana wa Arusha: Plastiki ipi?

Kijana wa Arusha: Ngojeni nifungue.

Dada wa Mombasa: Tuko hapa, twangoja.

Kijana wa Arusha: Wakuu. Miezi saba. Naomba uzi huu ufutwe.