Bulo ya vidanje inazunguka tu, karter ya CG125 imekwisha meno: M14 au helikoili?

motoKatindo

Wakubwa, salama? Niko Goma. Moto ni ya Kichina, injini ya aina ya CG125, ya zamani. Bulo ya vidanje (ya kumwagia oili) chini ya karter (ganda la injini), M12 (unene wa mm 12) yenye kichwa cha kle ya 17, inazunguka bila kukaza. Garage fulani iliikaza kwa kle iliyoongezewa bomba. Nilipoitoa ilikuja na uzi wa aluminiamu umejisokota kwenye meno yake kama springi. Nimezungushia utepe mweupe wa mafundi bomba, lakini moteri ikipata joto oili inadondoka. Tena kwenye kifuniko cha klachi kuna matundu mawili ya M6 yamelegea.

Nipanue nitie bulo ya M14, au nitafute helikoili, ile koili ya chuma inayotiwa kwenye tundu iwe meno mapya? Lazima nifungue injini yote? Na kuna jamaa ananisukuma kwa mchomeleaji. Karter nyingine nimetafuta Birere, ile inayolingana sijaiona.

kle17

Ule uzi uliosokotwa kwenye bulo ni meno ya karter yenyewe, kwa hiyo bulo mpya ya kipimo kilekile haitashika kitu. Na utepe utoe leo. Hauzuii oili kwenye tundu lisilo na meno, na vipande vyake vikikatika vinakwenda kuziba chujio cha oili.

Kabla ya kununua chochote, pima. Bulo ya asili hapo ni M12 yenye umbali wa mm 1.5 kati ya jino na jino. Zipo bulo nyingine za M12 zenye 1.25: zinaingia mizunguko miwili, zinakuwa ngumu, mtu anaongeza nguvu, basi meno yanakwenda. Weka ile ya kwako ubavuni mwa bulo ambayo una hakika ni 1.5, meno yaingiane, uzielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati, ulipewa bulo isiyo yake, na haya yatarudi hata baada ya kutengeneza.

Cha pili, angalia ufa. Osha kuzunguka tundu kwa petroli, kausha, paka chaki nyeupe iliyosagwa, acha usiku mzima oili ikiwa ndani na bulo imewekwa kwa mkono. Oili ikichora mstari kwenye chaki, karter imepasuka, na hapo M14 wala helikoili haitakusaidia.

FundiNdosho

Kuhusu M14: watu wanadhani helikoili inakula chuma kidogo kuliko M14. Kwa M12 × 1.5 si kweli. Taro (chombo cha kukatia meno) ya helikoili ya kipimo hicho inakata mpaka karibu mm 14, sawasawa na taro ya M14. Ukuta unaobaki ni uleule. Tofauti iko kwenye kinachoshika. Ukiweka M14, meno ni ya aluminiamu tena, na yakiisha mara ya pili huna pa kwenda. Ukiweka helikoili, meno ni ya chuma kisichoshika kutu, na bulo unabaki na ile ya kawaida ya M12 inayopatikana kila duka la piesi. Mimi naichagua helikoili, ila M14 si kosa kama ndiyo pekee unayoipata. Kwa M14, toboa kwa meshi (ncha ya kutobolea) ya 12.5, kata kwa taro ya M14 × 1.5.

Injini usiifungue. Wengi wanalaza moto ubavu ili waone vizuri, na hapo ndipo vumbi la aluminiamu linaingia ndani. Iache imesimama wima kwenye stendi ya katikati, juu ya matofali, uso wa tundu uangalie chini. Kinachokatwa kinaanguka chenyewe. Kuna tatizo moja: mkono ukiwa chini ya moto ni rahisi kupindisha. Kwa hiyo usitumie perseze (mashine ya kutobolea) ya umeme. Kuna nusu milimita tu ya kuondoa kwa kila upande, hata pungufu, na meshi ya umeme ikishika aluminiamu inajivuta na kula tundu kwa pembeni. Funga meshi (12.4 au 12.5, fuata kilichoandikwa kwenye kisanduku cha helikoili) kwenye mpini wa taro, izungushe kwa mkono.

Halafu taro. Paka grisi kwenye mifereji yake ili ishike vumbi, na tone la mafuta ya taa kwenye meno yake, kwa sababu aluminiamu kavu inaganda kwenye taro na kuchana meno unayoyakata. Mizunguko miwili ya kwanza simama, weka pembe-mraba ubavuni, angalia upande wa mbele na upande wa kulia. Ikiwa imeinama, irudishe sasa. Ukifika mzunguko wa tano hairekebishiki. Baada ya hapo nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kila mizunguko mitatu itoe, ifute, tia grisi mpya.

Pima unene wa karter kwenye tundu kwa waya uliokunjwa ncha. Helikoili iwe fupi kuliko unene huo kwa jino moja. Urefu wa mm 12 ndio wa kuanza nao. Safisha meno kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe, paka tone la gundi ya meno kwa nje ya koili, uizungushe kwa chombo chake. Usiisukume, izungushe tu. Ukisukuma inaruka jino, na bulo itakwama katikati. Isimamishe ikiwa imezama robo mpaka nusu mzunguko chini ya uso.

Yule mkia mdogo wa koili usiugonge ndani kama wanavyofanya kwenye tundu lililo wazi pande zote. Ushike kwa koleo lenye mdomo mrefu, ukunje juu, chini, juu, utakatika ukiwa kwenye koleo. Ukiangukia ndani, sumaku haitaukamata vizuri, maana ni inoksi, kile chuma kisichoshika kutu.

motoKatindo

Asante mzee. Gundi ikauke muda gani? Na vumbi litakalobaki ndani?

FundiNdosho

Usiku mmoja kabla ya kukaza. Asubuhi, kabla ya kufunga bulo, mimina nusu lita ya oili ya bei ya chini kupitia tundu la kujazia, iteremke yote kwenye beseni jeupe. Rudia mpaka usione nyota za aluminiamu. Usiwashe moteri kwa oili ya kuoshea. Na ukiwa hapo, fungua kifuniko cha klachi, kwa vile una kazi nacho hata hivyo, ukatoe chujio cha waya na kukiosha.

mama_piesi

Watu wananunua helikoili na kusahau rondeli, ile pete ya kuzibia chini ya kichwa cha bulo. Baada ya kazi hiyo tundu kwenye uso limekuwa mm 14, lakini rondeli ya M12 ina tundu la 12. Sehemu inayokaa juu ya karter imepungua. Rondeli yenye upana wa nje wa 18 inabaki na mm 2 tu kila upande, na mikwaruzo ya kle ya zamani ipo hapohapo. Omba yenye 20 au 22, na hakikisha kichwa cha bulo kinaifunika. Ya shaba iliyokwisha kutumika inarudishwa ulaini: ichome mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, isugue. Ya aluminiamu usiichome, nunua nyingine. Na usiweke mbili, moja juu ya nyingine.

taro_na_meshi

Nawajibu wote kwenye mambo yaliyobaki.

Mchomeleaji: wale wa milango na madirisha wanatumia vijiti vya chuma, na chuma hakishikani na aluminiamu. Kinachohitajika ni mashine ya TIG yenye gesi ya argon na mtu aliyezoea karter zilizolowa oili. Hata hivyo atajaza tundu tu, wewe utatoboa na kukata meno upya, na joto linaweza kupindisha uso wa jwanti (gasketi). Hiyo iwe ya ufa. Gundi aina ya Araldite kwenye bulo ya vidanje ni ya kufikia nyumbani, si zaidi, kwa sababu bulo hiyo hufunguliwa kila mara.

M6 za kifuniko: usikimbilie koili. Ingiza kijiti cha kiberiti kwenye tundu, weka alama, linganisha na bulo. Mara nyingi bulo fupi imewekwa pa ndefu, imekula meno matatu ya mbele, na ndani kuna meno mazima. Bulo iliyozidi kwa mm 5 inatosha, mradi isiguse mwisho wa tundu. Kwenye aluminiamu M6 inatakiwa kushika walau mm 9. Ikiwa hakuna kilichobaki, helikoili ya M6 yenye urefu wa mm 9, meshi ya 6.2 au 6.3. M7 inawezekana kwa meshi ya 6.0, lakini itabidi upanue tundu la kifuniko nalo, na bulo za M7 ni za kutafuta kwa tochi. M8 kwenye ukuta huo mwembamba siikubali.

Ukifungua kifuniko, chora umbo lake kwenye kipande cha katoni na uchomeke kila bulo mahali ilipotoka. Kuchanganya urefu ndiko kulikokuletea yale matundu mawili. Na kabla ya kurudisha, futa matundu. Vumbi letu hapa ni la mawe ya volkano, linasaga meno kama msasa.

Sasa kukaza. Vidanje ni Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), M6 za kifuniko ni Nm 10. Kama huna kle dinamometrike (inayopima nguvu hiyo), chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Kwa vidanje, funga ndoano kwenye kle sentimita 20 kutoka katikati ya bulo, vuta kwa pembe ya mraba mpaka isome kilo 12 na nusu. Kwa M6, sentimita 10, kilo 10. Mizani ikiteleza kwenye kle, funga kamba kwanza. Kifuniko kaza kwa msalaba, awamu mbili: kwanza kilo 5 zote, halafu 10.

kle17

Nakubali yote, naongeza hili tu: kaza injini ikiwa baridi, na bulo iingie kwa vidole mpaka rondeli iguse. Ikigoma kwa vidole, irudishe nyuma mpaka usikie inashuka jino moja, ndipo uanze tena mbele.

motoKatindo

Nimepima kama mlivyosema. Bulo niliyonayo ni 1.25, mwanga unapita. Ufa hakuna. Unene kwenye tundu mm 14, naagiza koili ya M12 × 1.5 yenye urefu wa 12, na rondeli ya 22. Kijiti cha kiberiti kwenye M6 kimeingia mm 19, na bulo iliyokuwemo inashika mm 6 tu.

taro_na_meshi

Basi M6 umemaliza: bulo iliyozidi kwa mm 10 itashika 16, ikibakiza 3 kabla ya kugusa mwisho. Ingiza moja kwa vidole kwanza, uhakikishe meno ya ndani yanaipokea, ndipo ununue zote mbili.